Ndege ya Kujifunzia: Ipi Tuwanunulie Vijana, na Iendeshwe kwa Nguvu Gani?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwaka, bwaloni, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioketi huko nyuma kama tulivyoketi sisi zamani, tukingoja wazee wamalize maneno yao ili wali ugawiwe.

 

Katibu amenipa nusu saa nizungumze juu ya ombi la Klabu ya Sayansi, ambayo inataka tuinunulie ndege ndogo inayoongozwa kwa redio. Barua yao nimeisoma. Ni barua nzuri, imeandikwa kwa adabu, na mwisho wake wamebandika picha ya ndege waliyoichagua. Ni ndege ya kivita, mfano wa Spitfire ya Waingereza, imepakwa rangi ya kijani na kahawia, na mabawa yake yamechongoka kama jani. Halmashauri imeipenda. Waliochanga wameipenda. Mimi, Ndugu Mwenyekiti, nasimama hapa kuwaombeni msiinunue.

Naomba mnisikilize kabla hamjanizomea.

KOSA LANGU

Wengi wenu mnajua kwamba baada ya Kidato cha Sita nilipata bahati ya kwenda Uingereza kusomea ufundi wa mitambo. Huko nilijiunga na klabu ya watu wanaorusha ndege ndogo siku za Jumapili, na mchezo huo sikuuacha tena. Mwaka 2011 nilikuja likizo na zawadi ya shule: ndege ya kivita, mfano wa Mustang ya Wamarekani. Niliikabidhi hapa hapa bwaloni, tukapigwa picha, na kesho yake alfajiri nikapanda basi. Sikumwachia mtu maelezo yoyote isipokuwa kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi.

Jumamosi iliyofuata vijana waliitoa uwanjani, na shule nzima ikaja kutazama. Aliyeshika rimoti alikuwa mwenyekiti wa klabu, kijana wa Kidato cha Tatu aliyekisoma kijitabu kile chote kwa kamusi. Mwenzake akairusha kwa mkono. Ndege ikapanda wima, ikasita, ikalala upande wa kushoto, ikaja chini kwa pua karibu na goli la upande wa jikoni. Mwenye saa alisema ni sekunde tisa. Vipande vilitiwa katika gunia. Kijana yule akabandikwa jina la "Sekunde Tisa", akakaa nalo mpaka alipomaliza shule. Wiki ile ile alimrudishia mwalimu ufunguo wa stoo ya klabu, na hakukanyaga tena pale.

Mimi habari hizo nilizipata miaka mitatu baadaye. Nilizipata kama kichekesho, nami nikacheka pamoja na waliokuwa wakinisimulia. Usiku sikulala vizuri. Maana nilijua jambo ambalo kijana yule hakuwa na njia ya kulijua: ndege ile haikuwa ya mtu anayeanza. Hata mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nimerusha kwa zaidi ya miaka ishirini, ningeishika kwa mikono inayotetemeka. Nilikuwa nimempa mtoto pikipiki ya mashindano kabla hajajua baiskeli, kisha nikaenda zangu.

Mwaka huu nimeliona jina la kijana huyo katika orodha ya waliochanga. Sitalitaja. Lakini nisingependa shilingi zake zinunue sekunde tisa nyingine.

NDEGE YA KUJIFUNZIA HUJULIKANA KWA NINI

Sifa ya ndege ya kujifunzia ni moja, na nyingine zote hutokana na hiyo. Mrushaji akiviachia vijiti vya rimoti, ndege hujinyoosha yenyewe na kuendelea kuruka. Ndege ya kivita haifanyi hivyo. Ukiilaza, hulala, ukiisahau, huanguka.

Sifa hiyo inatoka wapi? Kwanza, bawa la ndege ya kujifunzia huwekwa juu ya mwili. Pili, mabawa yake huinuka kidogo kuelekea nchani, hata ukiitazama kwa mbele yanafanana na herufi V iliyotandazwa sana. Ndege ikilala upande mmoja huanza kuteleza upande huo. Hewa basi hulipiga bawa lililoshuka kwa pembe kubwa zaidi kuliko lile lililopanda, nalo hunyanyuliwa mpaka ndege ikae sawa. Bawa kuwa juu ya mwili huongeza tabia hiyo hiyo. Tatu, bawa huwa nene na tumbo lake huwa bapa au karibu na bapa, na bawa la namna hiyo hubeba vizuri katika mwendo mdogo.

Huo mwendo mdogo ndio roho ya jambo lote, kwa sababu ndio unaompa mwanafunzi nafasi ya kufikiri. Naomba vijana wa Kidato cha Pili mchukue kalamu mnihakiki.

Tuseme ndege ya kujifunzia ina bawa la sentimita 130 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 20. Eneo lake ni sentimita za mraba 2,600, yaani desimita za mraba 26. Ikiwa ndege nzima pamoja na betri ina gramu 1,100, basi kila desimita ya mraba inabeba gramu 42. Sasa chukueni ndege ya kivita yenye bawa la sentimita 110, upana wa wastani sentimita 17, na uzito wa gramu 1,400. Gawanyeni. Mtapata karibu gramu 75 kwa kila desimita ya mraba.

Huo huitwa mzigo wa bawa. Mzigo ukizidi mara mbili, mwendo wa chini kabisa wa kubaki hewani huongezeka kwa mara 1.4 hivi. Kwa hewa yetu ya huku juu, ndege ile ya kwanza inaweza kubaki hewani kwa kilomita 30 hivi kwa saa, ambao ni mwendo wa baiskeli inayoteremka mlima. Ya pili ikipungua chini ya kilomita 40 kwa saa, bawa linaacha kubeba. Tena kwa kawaida haliachi pande zote mbili kwa pamoja. Ncha moja hutangulia, na ndege hubinuka upande huo.

Sasa mnaelewa kilichotokea mwaka 2011. Kijana aliogopa ardhi, akavuta kijiti ili ndege ipande. Ilipopanda wima ilipoteza mwendo. Mota ilikuwa katika nguvu zake zote, na pangaboi linapozunguka kulia mwili wa ndege husukumwa kushoto. Bawa la kushoto likaacha kubeba. Hapo hata rubani hodari hana la kufanya, kwa kuwa urefu wa kurekebisha kosa haupo. Kuvuta kijiti unapoiogopa ardhi ni jambo analolifanya kila mwanadamu anayeanza. Ndege ya kujifunzia imeundwa na mtu aliyelijua hilo.

MTI AU POVU

Zamani ndege zote za namna hii zilijengwa kwa balsa, mti mwepesi kuliko karibu miti yote ya mbao, zikafunikwa karatasi, hariri au plastiki nyembamba. Kujenga kulichukua majira ya baridi mazima, na ndege ikianguka ulirudi mezani kwa wiki nyingi. Nilijifunza mengi kwa ujenzi ule na siusemi vibaya. Lakini kwa klabu ya shule leo nashauri ndege ya povu gumu, lile jamii ya povu linalofungia redio na televisheni ndani ya maboksi, ila hili ni imara zaidi na hupindika kabla ya kuvunjika. Likivunjika, gundi na utepe huliunga, na ndege huruka tena jioni ile ile. Chunguzeni jambo moja kabla ya kupaka gundi: zipo gundi zinazolila povu kama mchwa. Jaribuni kwanza kwenye kipande kilichovunjika.

Kadhalika, chagueni ndege ambayo bawa lake, mkia wake na miguu yake huuzwa pia kimoja kimoja. Ndege ya bei rahisi isiyo na vipuri ni ghali.

VIJITI NA REDIO

Kila kazi ambayo rimoti inaweza kuiagiza huitwa chaneli. Ndege ya chaneli tatu huagizwa nguvu ya mota, usukani wa mkia wa kwenda kushoto na kulia, na bamba la mkia linaloinua au kushusha pua. Ya chaneli nne huongeza vibawa vidogo vya ukingoni mwa bawa, ambavyo huilaza ndege upande. Zote mbili zinafaa kujifunzia. Mimi nachagua nne, kwa sababu mwanafunzi aliyeizoea hana la kusahau anapopanda darasa.

Ndugu wanachama, redio ndiyo mahali pa kuweka fedha. Siku zetu redio zilitumia mawimbi ya megahazi 27 au 35, na kila moja ilikuwa na kipande chake cha kristali. Watu wawili wakiwasha kristali ya namba moja kwa wakati mmoja, ndege iliyo hewani ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana kila klabu ilikuwa na ubao wenye vibanio. Bila kibanio mkononi huruhusiwi kuwasha. Redio za leo hutumia gigahazi 2.4, na kila kipokezi hufundishwa kuitambua rimoti yake tu, kwa hiyo taabu hiyo imekwisha kwa kiasi kikubwa.

Lakini kipo kifaa kimoja ambacho barua ya vijana haikukitaja kabisa, nacho ndicho ninachokithamini kuliko ndege yenyewe: rimoti ya pili kwa mwalimu. Rimoti mbili huunganishwa, kwa waya au bila waya. Mwanafunzi anarusha, mwalimu amesimama kando yake, kidole kikiwa juu ya swichi. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anabadili swichi, ndege inakuwa yake, anaipandisha, kisha anamrudishia. Mimi nilijifunza hivyo. Mwalimu wangu alikuwa fundi bomba mstaafu, na katika jioni yangu ya kwanza aliniokoa mara kumi na moja bila kusema neno. Mwaka 2011 kijana wetu hakuwa na mtu wa kumwokoa hata mara moja.

Aidha, katika chumba cha kompyuta panaweza kuwekwa programu ya mazoezi, ambayo huchezwa kwa rimoti ile ile iliyounganishwa na kompyuta. Mwanafunzi aanguke humo mara mia. Gharama yake ni umeme kidogo tu. Kuna jambo moja ambalo hapana budi alizoee humo kabla ya kwenda uwanjani. Ndege inapokuja kumwelekea, kushoto kwake kunakuwa kulia kwa ndege, na hapo ndipo wengi hupotea. Dawa yake ni rahisi kukumbuka: peleka kijiti upande wa bawa lililoshuka, kama unaliwekea gogo la kuliegemeza.

Ndege nyingi za sasa huwa pia na kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko na kuinyoosha ndege chenyewe. Kinasaidia siku ya upepo. Hata hivyo, hakiwezi kuigeuza ndege ya kivita kuwa ya kujifunzia, wala hakimfundishi mtu kutua.

INJINI AU BETRI

Sasa niseme juu ya nguvu, maana hapa wanachama wenzangu wa rika langu mtataka nitetee injini.

Mimi nilianza kwa injini ya sentimita za ujazo 6.5, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kawaida katika ndege za kujifunzia zenye bawa la mita moja na nusu. Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na oili, karibu sehemu moja kwa tano, pamoja na nitromethani kidogo. Plagi yake hupashwa moto kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, baadaye inaendelea kuwaka yenyewe. Ina sauti, ina harufu, na mtu akiisha kuipenda haachi. Mafuta yakiisha unajaza na kuruka tena.

Hata hivyo siitaki shuleni. Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au kuua, na mwali wake mchana hauonekani vizuri, hata mtu huungua asijue moto uko wapi. Mnanielewa ninaposema kwamba stoo ya shule ya bweni si mahali pa kuweka kitu kinachofanana na pombe. Licha ya hayo, mafuta hayo ni shida kuyapata huku kwetu, na abiria haruhusiwi kuyabeba katika ndege.

Kwa hiyo nguvu iwe ya umeme. Wala si jambo la jana. Kanali H. J. Taplin wa Uingereza aliirusha ndege yake ya redio, Radio Queen, kwa mota ya umeme tarehe 30 Juni 1957. Kilichochelewa ni betri nyepesi na mota nzuri, na sasa zote zipo.

Je, nguvu kiasi gani? Warushaji hupima kwa wati kwa kila kilo ya uzito. Ndege ya kujifunzia inatosheka na wati 150 mpaka 200 kwa kilo. Ndege yetu ya gramu 1,100 basi inahitaji kati ya wati 165 na 220. Tuchukue 200.

Betri inayofaa ni ya lithiamu-polima yenye seli tatu. Kila seli huhesabiwa volti 3.7, jumla 11.1. Wati ni volti mara ampea. Kwa hiyo 200 gawanya kwa 11.1 ni ampea 18. Kidhibiti cha mota, yaani kile kisanduku kidogo kinachopunguza na kuongeza nguvu, kiwe cha ampea 30, kisifanye kazi ukingoni mwa uwezo wake.

Ikiwa betri ina ampea-saa 2.2, na tukitumia asilimia 80 yake tu ili isiumie, tunayo 1.76. Kwa nguvu zote, ampea 18, tutaruka karibu dakika 6. Lakini hakuna anayeruka kwa nguvu zote muda wote. Kwa wastani wa ampea 9, tutaruka dakika 11 au 12. Mwanafunzi awekewe kengele ya dakika 8 na atue akiwa na akiba. Anayetua kwa kulazimishwa na betri hachagui mahali pa kutua.

Katika mota mtaona namba kama 1000 Kv. Maana yake ni mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo. Katika pangaboi mtaona namba mbili, mathalani 10 kwa 5. Ya kwanza ni urefu kwa inchi. Ya pili ni inchi ambazo pangaboi lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama lingekata kitu kigumu mfano wa skrubu kwenye ubao. Kwa ndege yetu, mota ya Kv 1000 hivi na pangaboi la 9 kwa 6 au 10 kwa 5 vinaelewana. Pangaboi kubwa kupita kiasi huivutisha mota umeme mwingi mpaka iungue. Kwa ajili hiyo nunueni pia mita ya kupima wati. Inaunganishwa kati ya betri na kidhibiti, na inaondoa ubishi wote.

Tukumbuke pia kwamba shule yetu iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 14. Ndege itapaa na kutua kwa kasi kidogo zaidi kuliko kijitabu kinavyosema, na pangaboi litashika hewa kidogo. Huenda tukalazimika kuongeza pangaboi kwa inchi moja, lakini baada ya kupima, si kwa kukisia.

Vijana wameandika kwamba wanataka mota "yenye nguvu kuliko zote". Wadogo zangu, nguvu nyingi haimwokoi anayeanza. Humfikisha mapema zaidi mahali anapokosea.

BETRI ZISIINGIE BWENINI

Betri za lithiamu-polima ni nyepesi na zina nguvu, lakini zikitendewa vibaya huwaka, na moto wake ni mkali. Kwa hiyo nasema kwa sauti, ili viranja wasikie: betri zisichajiwe wala kuwekwa bwenini.

Zichajiwe kwa chaja yake yenyewe inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji, mtu akiwa karibu muda wote. Betri ya 2.2 ichajiwe kwa ampea 2.2, itachukua saa moja na kitu. Ikijaa, kila seli ina volti 4.2, jumla 12.6. Ikikaa bila kutumika zaidi ya siku chache, iachwe kwenye volti 3.8 kwa seli, si ikiwa imejaa wala tupu. Betri iliyovimba au iliyogongwa ianguko likiwa kubwa, itolewe kazini. Na kila mnapofanya majaribio mezani, ng'oeni pangaboi kwanza. Vidole havina vipuri.

Umeme ukikatika, chaja nyingi hukubali volti 12 za betri ya gari. Betri moja ya kwetu ina wati-saa 24 hivi. Betri ya gari ya ampea-saa 50 ina kama 600. Basi la shule likiwa limepumzika, betri yake inaweza kujaza betri zetu nane na bado gari likawaka.

Wanachama mnaoishi ng'ambo mtakaojitolea kuzileta, kumbukeni kwamba betri za akiba hubebwa katika mzigo wa mkononi, ncha zake zimezibwa, wala si katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege.

SIKU YA KWANZA UWANJANI

Kabla hata ya kuagiza, uongozi wa shule uiandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania upate maelekezo na kibali, kwa kuwa chombo kisicho na rubani ndani kina sheria zake. Tusimfundishe kijana sayansi kwa kuvunja sheria.

Siku yenyewe, hakikisheni ndege imekaa sawa. Inyanyueni kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, robo mpaka theluthi moja ya upana wake kutoka ukingo wa mbele, au mahali kijitabu kinaposema. Ikining'inia sawa au pua ikishuka kidogo, vizuri. Mkia ukishuka, sogezeni betri mbele. Ndege yenye pua nzito inachosha, bali yenye mkia mzito haikupi muda wa kuchoka. Kisha mtu asogee na rimoti mbali, ajaribu kila bamba kama linatii, na kama linakwenda upande uliokusudiwa. Ndege nyingi zimekufa kwa sababu kushoto kulikuwa kulia.

Rusheni asubuhi, kabla ya upepo wetu wa saa nne. Rusheni kuelekea upepo. Watazamaji wote wakae nyuma ya mrushaji. Pandeni mpaka urefu wa makosa mawili, yaani ukikosea na ukikosea tena katika kurekebisha, bado chini pawe mbali.

NINACHOOMBA

Ndugu Mwenyekiti, fedha iliyochangwa ni ile ile. Naomba mkutano ubadili orodha. Badala ya ndege moja ya kivita, tununue ndege mbili za povu, bawa juu, chaneli nne. Rimoti mbili zinazoungana. Betri nne na chaja moja nzuri. Mita ya wati. Programu ya mazoezi. Na kinachobaki kiwe cha mabawa ya akiba, mapangaboi na gundi.

Mimi nimestaafu na ninakaa Iringa mjini. Nitakuja Jumamosi mbili za kila mwezi kushika rimoti ya pili, mpaka mwalimu wa fizikia na wanafunzi wawili waweze kuishika bila mimi. Hilo ndilo nililopaswa kuleta mwaka 2011 badala ya boksi zuri.

Najua vijana wamesikitika kuikosa Spitfire. Basi nisikilizeni. Mwanafunzi wa kwanza atakayetua mara kumi mfululizo, swichi ya mwalimu isiguswe, nitaileta Spitfire hiyo kwa fedha yangu mwenyewe, naye ataishika wa kwanza.

Na kwa yule mwenzetu ambaye jina lake sikulitaja: kama umo humu ndani, au kama utayasoma haya katika jarida letu, ujue kwamba kosa lilikuwa langu. Uwanja uko pale pale. Jumamosi yoyote utakayokuja, rimoti ya mwanafunzi ni yako kwanza.